Meli ya Starehe: Nani Anapumzika na Nani Anafanya Kazi?



Wengi wetu tumepanda meli mara chache, na tulipopanda tulikuwa na haja. Tulivuka ziwa kutoka bandari moja kwenda nyingine, pamoja na mikungu ya ndizi, magunia ya dagaa na watoto mgongoni. Kwetu sisi meli ni chombo cha kumfikisha mtu aendako.

Lakini ziko meli ambazo haziendi mahali. Hutoka bandarini zimejaa abiria, huzunguka baharini siku saba, husimama katika pwani tatu au nne ili watu waogelee na kununua vitu vya ukumbusho, halafu hurudi palepale zilipoanzia. Abiria hulipa fedha nyingi kwa safari hiyo, na hurudi nyumbani wakisema wamepumzika.

Katika toleo hili tunaeleza safari hiyo jinsi ilivyo kwa mtu anayeifanya mara ya kwanza. Hatutaki kumtamanisha mtu asiyekuwa na nauli. Tunaieleza kwa sababu mbili. Kwanza, meli hiyo ni mahali pa kazi, kama kiwanda na kama shamba la chai, na vijana wa Afrika Mashariki wameanza kuitwa kwenda kufanya kazi humo. Pili, safari hiyo inatufundisha juu ya jambo linalotuhusu sote, nalo ni likizo yenye malipo, ile ambayo wengi wetu tunaiita livu.

KIWANDA KINACHOELEA

Biashara hii imestawi zaidi katika Bahari ya Karibi, na bandari yake kubwa ni Miami, Marekani. Kampuni ya Carnival ilianza hapo mwaka 1972 na meli moja kuukuu iliyoitwa Mardi Gras. Katika safari yake ya kwanza, mwezi wa Machi mwaka huo, meli hiyo ilikwama juu ya fungu la mchanga karibu na mlango wa bandari, na ndani walikuwamo mawakala wa safari wapatao 300 walioalikwa ili waone uzuri wake. Watu walicheka. Leo Carnival ndiyo kampuni kubwa kuliko zote za kazi hiyo duniani.

Meli zenyewe zimekua mno. Mwezi wa Januari 2024 kampuni ya Royal Caribbean iliingiza kazini meli iitwayo Icon of the Seas, iliyojengwa Turku, nchini Finland. Urefu wake ni karibu mita 365, yaani unazidi viwanja vitatu vya mpira vikipangwa kwa mstari mmoja. Ina ghorofa 20. Inaweza kuchukua abiria 7,600, na wafanyakazi wake ni 2,350. Humo mna mabwawa ya kuogelea, maduka, kumbi za michezo na majiko yasiyozimwa. Ni mji mzima, na mji huo hauna raia ila wale waliolipa na wale wanaolipwa.

Tena tutazame bendera. Meli hiyo hutoka Miami, na abiria wake wengi ni Wamarekani, lakini inapeperusha bendera ya Bahama. Nyingine hupeperusha bendera ya Panama, ya Malta au ya Bermuda. Mwenye meli huandikisha meli yake katika nchi ya watu wengine ili sheria za kazi na za kodi ziwe zile zinazompendeza. Sisi tunaiita bendera ya kukodi. Ni sawa na tajiri mwenye kiwanda Jinja aseme kwamba kiwanda chake kiko chini ya sheria za kisiwa fulani cha mbali, na mfanyakazi akidhulumiwa aende akashtaki huko.

SIKU YA KWANZA

Msafiri mpya hufika bandarini kabla ya adhuhuri. Hukaguliwa pasipoti na mizigo, kisha hupewa kadi. Kadi hiyo ndiyo ufunguo wa chumba chake, na ndiyo fedha yake pia, kwa maana melini hapatumiki noti wala sarafu. Kila akinunua bia, kadi huandika deni. Wageni wengi hudhani wamekwisha kulipa kila kitu nyumbani, kumbe wamelipia kitanda na chakula cha kawaida tu. Vinywaji, matembezi ya pwani na picha ni hesabu nyingine, na siku ya mwisho mtu huletewa orodha inayomtoa jasho.

Katika orodha hiyo iko bakshishi. Meli nyingi zinazotoka Marekani humwandikia kila abiria dola 16 hadi 20 hivi kwa siku, ziwe bakshishi za wahudumu. Ndugu, tulifikirie jambo hilo. Mwajiri anatangaza nauli rahisi, halafu sehemu ya mshahara wa mfanyakazi wake anamwachia abiria ailipe.

Asubuhi ya siku hiyohiyo, kabla wageni wapya hawajaingia, maelfu ya wageni wa zamani walikuwa wakishuka. Kati ya kushuka kwa hao na kupanda kwa hawa kuna saa chache tu. Katika saa hizo kila shuka lazima libadilishwe, kila choo kisuguliwe, kila taulo liende kwa dobi, na vyakula vya juma zima vipakiwe. Mhudumu mmoja wa vyumba huwa na vyumba 15, au 20, au zaidi. Mgeni anakuta kitanda kimenyooka, na taulo limekunjwa mfano wa tembo. Hamwoni aliyelikunja akikimbia ukumbini na kigari chake. Yeyote aliyefanya kazi kiwandani siku ya kusafirisha bidhaa, lori likiwa limesimama mlangoni na msimamizi anatazama saa, anaijua siku hiyo.

Kabla meli haijaondoka, abiria wote hufundishwa mahali pa kukusanyika na namna ya kuvaa jaketi la kuokolea. Ishara ya hatari ni honi fupi saba na moja ndefu. Wageni wengi huona ni usumbufu. Sisi wa kando ya ziwa hatuwezi kuona hivyo. Tunakumbuka tarehe 21 Mei 1996, meli ya Bukoba ilipozama karibu na Mwanza ikiwa imejaza watu kupita kiasi, na mamia ya wasafiri wakafa.

Hata wenye meli kubwa walifundishwa kwa msiba. Tarehe 13 Januari 2012 meli ya Costa Concordia iligonga mwamba karibu na kisiwa cha Giglio, Italia. Mamia ya abiria waliopanda siku ile walikuwa hawajafundishwa lolote bado. Walikufa watu 32. Nahodha aliacha meli wakati watu wangali ndani, na mahakama ikamhukumu kifungo cha miaka 16. Wahudumu na wapishi wengi walibaki wakisaidia watu kuingia katika mashua. Baada ya hapo sheria ya kimataifa ilibadilishwa, na tangu mwaka 2015 mafunzo hufanywa kabla ya kuondoka au mara tu meli inapoondoka. Yule kijana anayekuletea chai melini ndiye pia atakayekuonyesha njia siku ya hatari. Kwa hiyo akiwa amechoka kwa kukosa usingizi, hatari hiyo ni ya abiria pia.

CHINI YA NGAZI

Siku ya pili kwa kawaida meli huwa baharini tu. Msafiri hulala juani, hula mara tano, na jioni huvaa nguo nzuri kwenda ukumbini. Kama tumbo linamsumbua kwa mawimbi, hupewa dawa au kipande cha tangawizi. Ni raha, hatukatai. Mtu aliyesimama mbele ya mashine mwaka mzima anastahili kulala juani.

Lakini chini ya ngazi, nyuma ya milango ambayo abiria hawaruhusiwi kuifungua, mna dunia nyingine. Mna ukumbi mrefu unaopita katikati ya meli kutoka mbele mpaka nyuma, ambamo wafanyakazi hupita usiku na mchana na vigari vya vyakula na vyombo. Katika meli nyingi mabaharia wameupa jina la I-95, ambalo ni jina la barabara kuu ya mashariki ya Marekani. Pembeni mwake ndimo wanamolala, wawili au zaidi katika chumba kidogo, kitanda juu ya kitanda, wengi bila dirisha.

Kazi zenyewe zimegawanywa kwa mataifa. Maofisa wengi hutoka Ulaya. Wasafishaji, wapishi wadogo, waosha vyombo na wahudumu wa meza wengi hutoka Ufilipino, Indonesia, India na visiwa vya Karibi. Mkataba wao huwa wa miezi sita hadi tisa, na katika miezi hiyo wengi hawapati siku nzima ya mapumziko. Hufanya kazi saa kumi hadi kumi na mbili kwa siku, siku saba za juma. Mkataba ukiisha, hurudi kwao na kungoja kuitwa tena, na wengi wao hawapati mshahara wakati wa kungoja. Baba wa Kifilipino huona watoto wake miezi miwili au mitatu kwa mwaka, na sehemu kubwa ya mshahara wake hutumwa nyumbani moja kwa moja.

Wazee wetu wanalifahamu jambo hili. Walitoka Rwanda, Burundi na West Nile kwenda kukata miwa katika mashamba makubwa ya Uganda, na kule Tanganyika watu wa mkataba katika mashamba ya mkonge waliitwa manamba, kwa sababu walijulikana kwa namba zao. Hawa wenzetu ni manamba wa baharini.

Je, hawana sheria? Wanayo, na ilipatikana kwa taabu. Mwaka 2006 Shirika la Kazi la Kimataifa, ILO, lilipitisha Mkataba wa Kazi za Baharini, nao ukaanza kutumika mwaka 2013. Mkataba huo unatoa kanuni mbili juu ya saa, na kila nchi huchagua moja. Ya kwanza inakataza kazi kupita saa 14 kwa siku na saa 72 kwa juma. Ya pili inataka mapumziko yasiyopungua saa 10 kwa siku na saa 77 kwa juma. Aidha mkataba unampa baharia likizo yenye malipo ya siku mbili na nusu kwa kila mwezi wa kazi, chakula bila malipo, na nauli ya kurudi kwao mkataba unapoisha.

Saa 72! Hapa Uganda sheria inasema saa 48 kwa juma. Kwa hiyo tusidhani kwamba, kwa kuwa meli inang'aa, kazi yake ni nyepesi kuliko ya kuchuma chai. Hata mshahara wa chini unaopendekezwa kimataifa, ambao mwaka 2025 ulikuwa dola 673 kwa mwezi, ni wa baharia mwenye ujuzi wa kazi ya ubaharia, si wa mfagiaji wala mwosha vyombo.

PWANI ZENYE MCHANGA MWEUPE

Siku ya tatu msafiri huona nchi kavu. Mara nyingi ni Cozumel, kisiwa cha Mexico, ambacho mwaka 2024 kilipokea abiria zaidi ya milioni 4 wa meli hizi. Siku moja huweza kusimama meli nne au tano pamoja. Watu hushuka kama wafanyakazi wanaotoka shifti, wakamwagika katika maduka ya vito na ya pombe. Msafiri mpya lazima akumbuke saa ya kurudi, maana meli haimngoji mtu. Kila mara hupatikana mmoja anayekimbia gatini na mifuko yake huku watu wakimpigia makofi kutoka juu.

Yafaa tujiulize: wenyeji hupata nini? Abiria amekwisha kulipia chakula melini, kwa hiyo wengi hurudi kula huko. Matembezi ya kwenda kuona samaki au magofu ya kale amenunua melini, na kampuni huchukua sehemu yake kubwa kabla ya kumlipa dereva na mwenye mashua. Anayebaki na soko lake mwenyewe ni mama anayeuza kofia na mzee mwenye gari la farasi.

Serikali ya Mexico ilijaribu kupata zaidi. Mwishoni mwa mwaka 2024 bunge lilipitisha kodi ya dola 42 kwa kila abiria. Wenye meli walipiga kelele, wakasema wataelekea bandari za nchi nyingine. Baada ya mazungumzo kodi ikashushwa ikawa dola 5 kuanzia tarehe 1 Julai 2025, iongezwe kidogo kidogo mpaka dola 21 mwaka 2028. Ndugu, huo ndio mchezo ule tunaoujua. Tajiri huwaambia wafanyakazi wa kiwanda hiki kwamba wakidai mengi atahamia mji mwingine, na wa mji mwingine huambiwa hivyohivyo. Bandari ambazo hazina umoja hupiganishwa kama wafanyakazi wasio na chama.

Bandari nyingine ni Roatán, kisiwa cha Honduras. Huko Carnival ilijenga gati na pwani yake yenyewe, ikafunguliwa mwaka 2009. Msafiri anaweza kushuka, kuogelea, kula na kurudi melini bila kukanyaga mtaa wa wenyeji.

Mfano mkubwa zaidi ni Labadee, pwani ya kaskazini ya Haiti, ambayo Royal Caribbean imeikodi kwa serikali tangu mwaka 1986. Ni mahali pazuri sana, penye milima ya kijani na maji meupe, na pamezungushwa uzio. Mhaiti asiyekuwa na kibali haingii. Tarehe 12 Januari 2010 tetemeko kubwa liliubomoa mji wa Port-au-Prince na kuua watu wengi mno. Siku tatu baadaye meli ilifika Labadee kama kawaida, na abiria wakashuka kuogelea. Kampuni ilieleza kwamba meli zililetea Haiti vyakula vya msaada, na hilo ni kweli. Pia ni kweli kwamba abiria wengine walikataa kushuka, wakasema hawawezi kula nyama choma katika nchi ambayo bado inafukua maiti. Kwa ajili ya vurugu za nchini humo kampuni ilisimamisha safari za Labadee mwaka 2024, na tena mwaka 2025. Wachuuzi na wafanyakazi wa pale hawakugombana na mtu, lakini meli isipokuja hakuna kipato.

Siku ya mwisho mara nyingi ni kisiwa cha kampuni yenyewe katika Bahama. Royal Caribbean inacho kimoja kiitwacho CocoCay, ambacho mwaka 2019 ilikitengeneza upya kwa mabomba marefu ya kuteleza majini na mabwawa makubwa. Huko hata mji wa jirani haupo. Fedha hutoka mfuko mmoja wa kampuni na kuingia mfuko mwingine. Jioni msafiri hupanda, hupanga sanduku lake, na kesho yake alfajiri yuko Miami. Na kabla hajafika kwake, kitanda alicholalia kimekwisha kutandikwa kwa mwingine.

ABIRIA NI NANI?

Msomaji atasema: hayo ni mambo ya mabwanyenye. Sivyo kabisa. Matajiri wakubwa wana mashua zao wenyewe. Katika meli hizi wamo wauguzi, walimu, madereva wa malori, mafundi wa viwandani na wastaafu, ambao wamejiwekea akiba mwaka mzima. Tena wengi wao katika Marekani hawana likizo kwa nguvu ya sheria, maana serikali kuu ya nchi hiyo haina sheria inayomlazimisha mwajiri binafsi kutoa likizo yenye malipo. Anayeipata, ameipata kwa hisani ya mwajiri au kwa mapatano ya chama chake.

Kwa hiyo melini mfanyakazi anamhudumia mfanyakazi. Mmoja yuko likizoni na mwingine hana siku ya mapumziko, na anayepata faida ni wa tatu, ambaye hayupo melini. Tusimchukie yule abiria. Tuulize tu kwa nini haki aliyo nayo huyu asiwe nayo yule.

Ugonjwa wa korona ulionyesha jambo hili wazi. Mwezi wa Februari 2020 meli ya Diamond Princess ilizuiwa katika bandari ya Yokohama, Japani, ikiwa na watu 3,711. Abiria waliamriwa wakae vyumbani. Wafanyakazi waliendelea kupika na kupeleka chakula mlango kwa mlango, na usiku wakalala pamoja katika vyumba vyao vidogo. Waliougua walizidi 700, na zaidi ya 100 walikuwa wafanyakazi. Baadaye mwaka huo, abiria wote walipokwisha kurudi makwao, makumi ya maelfu ya mabaharia walibaki wamefungiwa baharini kwa miezi, kwa sababu hapakuwa na wa kuwarudisha.

LIKIZO HAIKUSHUKA KUTOKA MBINGUNI

Sasa tuje kwenye somo letu. Mwezi wa Mei na Juni 1936 wafanyakazi wa Ufaransa waligoma na kukaa ndani ya viwanda vyao. Serikali ya Léon Blum ikapitisha sheria ya likizo ya majuma mawili yenye malipo, na tiketi za gari la moshi zikashushwa bei. Kiangazi kile maelfu kwa maelfu ya wafanyakazi waliiona bahari kwa mara ya kwanza katika maisha yao. Mwaka huohuo ILO ilipitisha mkataba wa kwanza wa likizo yenye malipo, siku 6 za kazi kwa mwaka. Wafanyakazi wa mashamba waliachwa nje mpaka mwaka 1952, walipopata mkataba wao. Mwaka 1970 ukapitishwa mkataba mpya wa majuma matatu, na unasema wazi kwamba mapatano yoyote ya kumfanya mfanyakazi aache likizo hiyo ya chini, hata kwa kulipwa, ni batili.

Lakini iko njia nyingine ya kupata safari ya meli, na tuikumbuke kama onyo. Mwaka 1933 Hitler wa Ujerumani aliifanya Mei Mosi kuwa sikukuu yenye malipo. Wafanyakazi waliandamana kwa furaha. Kesho yake, tarehe 2 Mei, askari wake walivamia ofisi za vyama vya wafanyakazi, wakakamata viongozi na kuchukua mali. Migomo ikapigwa marufuku. Badala ya chama walipewa shirika la starehe, lililowapeleka watu baharini mpaka Norway na Madeira kwa bei nafuu. Mwaka 1937 ilishushwa majini meli iliyojengwa kwa kazi hiyo, Wilhelm Gustloff, isiyo na madaraja ya abiria. Magazeti yaliisifu sana. Mwaka 1939 vita vikaja, safari zikaisha, na tarehe 30 Januari 1945 meli hiyo ilizamishwa ikiwa na maelfu ya wakimbizi.

Wafaransa waliidai likizo yao wenyewe wakiwa na chama. Wajerumani walipewa safari baada ya kunyang'anywa chama. Kilichodaiwa kwa umoja kina mwenyewe wa kukilinda. Zawadi huondoka na aliyeitoa.

NA SISI JE?

Hapa Uganda Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 inampa mfanyakazi siku 7 za likizo yenye malipo kamili kwa kila miezi minne ya kazi, yaani siku 21 kwa mwaka. Kenya ni siku 21 za kazi, Tanzania siku 28, Rwanda siku 18 za kazi. Haki hizo zimeandikwa. Je, tunazichukua?

Katika kuzunguka matawi nimemkuta mama mchuma chai aliyefanya kazi miaka mingi asipumzike hata mwaka mmoja. Kila mwaka alipewa fedha kidogo na karatasi ya kutia sahihi, akaambiwa hiyo ndiyo likizo. Mgongo wake umekwisha. Nimekuta vijana wanaoitwa vibarua mwaka wa tatu sasa, katika kiwanda kilekile, ili wasihesabiwe likizo. Kanuni za ajira za mwaka 2011 zinakataza kumweka mtu kuwa kibarua kupita miezi minne.

Basi kila tawi lifanye mambo haya. Kwanza, mjumbe aandike majina ya wote ambao hawakuchukua likizo mwaka uliopita, na sababu. Pili, vibarua waliopita miezi minne waorodheshwe, madai yao yapelekwe mbele pamoja, si mmoja mmoja. Tatu, mtu asitie sahihi ya kuuza likizo kabla hajamwona mjumbe wake. Wala usiseme huna nauli ya kwenda popote. Kulala nyumbani kwako, kupalilia shamba lako na kuwaona wazazi ni likizo kamili.

Neno la mwisho ni kwa vijana wanaotamani kazi melini. Wako walioajiriwa kupitia Mombasa, na kazi yao ni halali na ya heshima. Lakini wako pia mawakala matapeli. Mkataba wa Kazi za Baharini, ambao Kenya iliuidhinisha mwaka 2014 na Tanzania mwaka 2019, unakataza wakala kumtoza baharia ada ya kumpatia kazi. Utajilipia pasipoti, cheti cha daktari na kitabu cha ubaharia. Viza ni juu ya mwenye meli. Anayekudai fedha ili akupe nafasi, mkimbie. Ukipewa mkataba, uliza: Meli inaitwaje na ina bendera ya nchi gani? Saa za kazi ni ngapi? Bakshishi zimehesabiwa kuwa mshahara? Nauli ya kurudi nani atalipa? Na swali kubwa: meli hii ina mapatano na chama cha mabaharia?

Maana vyama viko hata huko. Shirikisho la Kimataifa la Wafanyakazi wa Uchukuzi, ITF, limepigana na bendera za kukodi tangu mwaka 1948, na lina wakaguzi katika bandari nyingi za dunia, Mombasa ikiwamo. Chama cha mabaharia wa Norway kina mapatano na wenye meli za utalii, na kina ofisi Miami kwenyewe, pale safari zinapoanzia. Mfilipino, Mhindi na Mkenya wanaweza kusimama chini ya mapatano mamoja, ijapokuwa bendera juu ya vichwa vyao ni ya kukodi.

Meli inakwenda kwa injini, na injini inakwenda kwa watu. Mwenye kufanya kazi ana haki ya kupumzika, awe shambani, kiwandani au baharini. Tuidai kwa pamoja.

Umoja ni nguvu.